Walimu Hawakucheka

Siku ya Jumanne, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, maili 25 kutoka mjini Bukoba, walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepitia hali hiyo, na shule ikafungwa. Ilipofunguliwa tarehe 21 Mei, wengine 57 wakashikwa. Mwishoni mwa Juni ikafungwa tena.

Huenda umeshaisikia habari hii. Inazunguka mitandaoni kila mwaka, imetiwa chumvi hadi haitambuliki: kwamba Watanganyika walicheka mwaka mzima mfululizo, kwamba yote yalianza na utani wa darasani, kwamba ni kisa cha kuchekesha kutoka Afrika. Waliokiandika mara ya kwanza, daktari Rankin na daktari Philip, katika jarida la kitabibu la mwaka 1963, hawakuona cha kuchekesha. Waliandika kwamba mgonjwa alishikwa ghafla, akacheka na kulia kwa dakika chache au saa chache, akapumzika, kisha hali ikarudi. Hakuna aliyecheka mwaka mzima. Mgonjwa aliyekaa na hali hiyo muda mrefu kuliko wote alikaa siku 16, na hata yeye kwa kupokezana: kicheko, kilio, utulivu. Wengine walisema wanahisi vitu vinatembea kichwani, au kuna mtu anawafukuza. Ukijaribu kumshika ili atulie, aliweza kukupiga. Kwa Kihaya watu waliuita ugonjwa wa kucheka, na jina hilo ndilo lililotuponza. Laiti wangeuita ugonjwa wa kulia, sidhani kama kuna ambaye angeutengenezea vichekesho.

Wasichana wa Kashasha walirudishwa makwao, nao wakaondoka na ugonjwa. Siku kumi baada ya shule kufungwa mara ya kwanza, hali hiyo ilizuka Nshamba, katika wilaya ambayo leo ni Muleba, kijiji walikotoka baadhi yao. Kati ya Aprili na Mei watu 217 wa eneo hilo walishikwa, wengi wao vijana na watoto wa shule, wavulana kwa wasichana. Juni ikawa zamu ya shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, pembezoni mwa Bukoba: wasichana 48 kati ya 154 katika muda wa siku tisa hivi, kuanzia tarehe 10 hadi 18. Kutoka hapo msichana mmoja alirudi nyumbani, kwenye kijiji ambacho madaktari waliandika jina lake Kanyangereka, na ambacho mimi nakisoma kuwa Kanyangereko. Ugonjwa ukaingia kwanza ndani ya familia yake, kisha ukatoka nje, na shule mbili za wavulana zikafungwa. Hadi yote yalipotulia, shule 14 zilikuwa zimefungwa kwa muda.

Madaktari walichukua damu, wakachukua maji ya uti wa mgongo, wakapeleka sampuli maabara. Wakachunguza hata unga wa mahindi, isije ikawa mbegu zenye sumu zimesagwa pamoja nao. Hawakukuta homa wala kifafa, wala vimelea vyovyote. Hakuna aliyekufa. Vijijini watu walikuwa na maelezo yao: wapo waliosema hewa imechafuliwa na milipuko ya mabomu ya atomiki ambayo mataifa makubwa yalikuwa yakiyajaribu miaka ile. Wasomi wa mjini wangeweza kuwacheka kwa hilo. Mimi naona lilikuwa wazo la watu waliokuwa wakisikiliza redio kwa makini.

Katika maelezo ya Rankin na Philip kuna jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Shule ya Kashasha ilikuwa na walimu watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu. Hakuna hata mmoja aliyeshikwa. Na kule vijijini ugonjwa haukuwagusa watu wenye vyeo na elimu kubwa, walimu, polisi, na wengine wa namna hiyo. Madaktari waliliandika jambo hilo kama dalili ya kitabibu, kama vile ungeandika kwamba surua haimpati mtu aliyewahi kuiugua. Kwangu mimi hapo ndipo habari ya Kashasha inapoacha kuwa kioja na kuwa habari ya kazi: nani amepewa mzigo, nani ana uwezo wa kuutua, na nani anatazamiwa asionyeshe kwamba ni mzito.

Kwanza kazi ya msichana yule. Tumezoea kusema mwanafunzi hafanyi kazi, anasoma tu. Lakini tazama alikotoka. Katika Uhaya ya wakati ule mali ilikuwa kibanja: migomba, mibuni kati ya migomba, na maharage chini yake. Kahawa iliuzwa kwa jina la mwanamume. Mwanamke alilima, akapalilia, akavuna, akabeba, akapika, na ardhi ya ukoo haikuwa yake ya kuuza. Sheria za mila za Wahaya zilikwisha kuandikwa katika kitabu cha Cory na Hartnoll mwaka 1945, na jambo hilo likakaa humo kama msumari. Ilichukua hadi Februari 1990 kwa Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu Mwanza, kuamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake anaweza kuiuza kama mwanamume anavyoweza. Hiyo ni miaka 28 baada ya Kashasha. Msichana wa miaka 14 mwaka 1962 alikuwa na miaka 42 siku hukumu ile iliposomwa.

Kwa hiyo shule ya kati ilikuwa mlango, na karibu ndio mlango pekee. Ukipita mtihani wa darasa la nane, kuna ualimu, kuna uuguzi, kuna mshahara wenye jina lako. Ukikwama, kuna kibanja cha mwanamume. Halafu fikiria umri: walioshikwa Kashasha walikuwa na miaka kati ya 12 na 18. Huo ndio umri ambao nyumbani watu wanaanza kuulizia mahari, na bwenini unaambiwa usiwaze hayo kabisa.

Na tazama tarehe. Uhuru ulikuja 9 Desemba 1961, siku 52 kabla ya kicheko cha kwanza. Tarehe 22 Januari Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama, Kawawa akashika nafasi yake. Ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Nchi ilikuwa inahitaji makarani, walimu, wauguzi, maofisa, na ilikuwa inawahitaji jana. Kashasha haikuwa shule ya hivihivi. Barbro Johansson, mmisionari wa Kiswidi ambaye watu walimwita Mama Barbro, alikuwa ameiongoza kabla ya kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa msaada wa TANU. Binti aliyeketi kwenye dawati la Kashasha alijua wazi kwamba wanawake wanaweza kufika mbali. Alijua pia kwamba wazazi wanajua, na walimu wanajua, na taifa zima lisilotimiza miezi miwili linamtazama yeye. Christian Hempelmann, aliyeirudia habari hii mwaka 2007, aliona hapo ndipo penye chanzo: matarajio yaliyopanda ghafla, juu ya vichwa vya watu wasio na sauti ya kusema yamezidi. Benjamin Kagwa, daktari wa akili wa Uganda, alikuwa ameandika jambo la jirani na hilo mapema zaidi, mwaka 1964, alipoiweka Bukoba pamoja na milipuko ya namna hiyo ya Kigezi na ya Mbale, ambako watu walikuwa wanakimbia badala ya kucheka. Aliona watu waliovutwa huku na mila za wazee na kule na mambo mapya.

Si kila mtu ataridhika na maelezo hayo, na ana haki. Vijana wa kike wenye matarajio makubwa walikuwepo shule nyingi, na si shule zote zilicheka. Ila nadhani swali la kwa nini pale na si kwingine lina faida ndogo kuliko swali la kwa nini wao na si wengine waliokuwa chumba kimoja nao.

Mwaka huohuo wa 1962, mwezi Juni, wakati Ramashenye inafungwa, kulikuwa na jambo katika kiwanda cha nguo kusini mwa Marekani. Wafanyakazi walianza kuanguka, kutapika, kupata vipele, wakisema wameumwa na mdudu aliyekuja na vitambaa. Waliougua walikuwa 62, na 59 kati yao walikuwa wanawake. Wataalamu walikuja, wakapekua, wakapulizia dawa. Mdudu hakupatikana wa kueleza maradhi hayo. Wanasosholojia Kerckhoff na Back walioandika kitabu juu ya tukio hilo mwaka 1968 waligundua kwamba Juni ilikuwa msimu wa kazi nyingi kiwandani, watu wanafanya saa za ziada, na kwamba waliougua wengi walikuwa wa zamu moja, kwenye ukumbi mmoja mkubwa. Huyu ana watoto na ndiye mlishaji wa nyumba, hawezi kukataa saa za ziada, hawezi kuacha kazi. Mwili wake ukampatia ruhusa ambayo msimamizi asingempa.

Weka ramani mbili mezani, Kashasha na kiwanda kile, na utaona jambo ambalo halihusiani na ushamba wala na Uafrika. Zamani Ulaya waliita hali hizi histeria, kutokana na neno la Kigiriki la mji wa mimba, wakisema ni ugonjwa wa mwili wa kike. Jina liliokoa kazi ya kufikiri. Kama ni tumbo la uzazi, basi hakuna haja ya kuuliza juu ya mshahara, kengele, zamu, na nani anamkaripia nani.

Miaka 17 baada ya kicheko, mtafiti Robert Karasek alitumia takwimu za wafanyakazi wa Swideni na Marekani kusema jambo ambalo wafanyakazi wa ndani wa Bukoba wangemwambia bure. Kazi nyingi peke yake haimvunji mtu. Kinachomvunja ni kazi nyingi asiyo na uamuzi juu yake: lini aanze, lini apumzike, aifanyeje. Uingereza nako, utafiti ulioanza mwaka 1967 juu ya watumishi wa serikali wa Whitehall uliwafuata wanaume 18,000 hivi na kukuta kwamba magonjwa ya moyo yaliwaua zaidi watu wa madaraja ya chini kuliko mabosi wao. Watu walikuwa wakitegemea kinyume, kwamba bosi ndiye mwenye presha. Na ni wanaume peke yao. Wanawake waliokuwa wakichapa barua za ofisi zilezile walisubiri awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1985, ndipo nao wakapimwa.

Kwa kipimo cha Karasek, ukimweka msichana wa bweni, mwenye kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya chakula, na mtihani mmoja wa kuamua maisha, hakuna mfanyakazi wa Bukoba aliyekuwa na mzigo mzito zaidi na uamuzi mdogo zaidi. Ndiyo maana sishangai kwamba walioshikwa walikuwa wao. Umri na jinsia vinaingia hapa kwa mlango wa madaraka. Kule Kanyangereko wavulana walishikwa vilevile, na shule zao zikafungwa. Mvulana wa darasa la sita na dada yake wana tofauti nyingi, lakini mbele ya mwalimu mwenye fimbo wanalingana kabisa.

Wale walimu watano, je?

Kuna tukio la zamani zaidi, la Februari 1787, katika kiwanda cha pamba huko Lancashire. Msichana mmoja alimtia mwenzake panya kifuani, mwenzake akashtuka hadi akapatwa na mitukutiko kwa saa nyingi. Kesho yake wakashikwa wengine watatu, na siku chache baadaye walikuwa 24. Watu wakaamini marobota ya pamba yameleta ugonjwa, kiwanda kikasimama. Orodha ya walioshikwa inasema: wanawake vijana 21, watoto wa kike wawili wa miaka kama kumi, na mwanamume mmoja. Huyo mwanamume, anaeleza mwandishi wa habari hiyo, alikuwa amechoka sana kwa kuwashika wale wasichana wasijiumize.

Nimesoma mengi juu ya milipuko hii na huyo ndiye mtu pekee ninayemkumbuka kila mara. Hakuogopa panya. Alikuwa kazini, na kazi yake siku hizo ikageuka kuwa kuwashika wengine. Aliwashika mpaka naye akaanguka. Bila kuanguka asingeandikwa.

Walimu wa Kashasha hawakuanguka, kwa hiyo tunajua idadi yao na basi. Piga hesabu: walimu watano kwa wanafunzi 159 ni wanafunzi 32 kwa mwalimu, wengi wao wakilia na kucheka na kupigana wakishikwa, bweni zima, usiku na mchana, kwa wiki saba kabla ya shule kufungwa. Nani alilala? Nani aliwaandikia wazazi? Mwalimu Mwafrika wa mwaka ule alikuwa na madaraka kidogo kuliko Mzungu na makubwa kuliko mwanafunzi, na hapo katikati ndipo mahali ambapo huruhusiwi kucheka wala kulia. Ninaposikia kwamba ugonjwa haukuwagusa walimu, nasikia kwamba haukuwagusa kwa njia ambayo daktari angeweza kuihesabu.

Huo ndio upofu ambao tunao hata leo tunapozungumza juu ya msongo wa kazini. Tunahesabu waliozimia. Septemba 2008 wasichana wa shule moja Tabora walizimia wakati wa mitihani, habari ikafika hadi vyombo vya nje. Msimamizi wa mtihani aliyewabeba hakufika popote. Shirika la Afya Duniani lilipoiweka hali ya kuchakaa kwa kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019, lilisema wazi kwamba ni jambo la kazini na si ugonjwa. Nadhani lilifanya vyema, kwa sababu ugonjwa ni wa mtu, na jambo la kazini lina mwajiri ndani yake. Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku tatu. Siku tatu! Ni namba ndogo, lakini inakueleza mengi kuhusu nani sheria inamtazamia kukesha na mtoto na kesho yake kuwahi ofisini, na nani inamtazamia kuchoka bila kusema.

Mwanaume wa Kihaya anayechoka bila kusema anajulikana anakoenda jioni. Kuna rubisi, kuna konyagi ya kienyeji, kuna benchi la wenzake. Hakuna anayemwita mgonjwa, anaitwa mlevi. Mama mtumishi wa serikali anayechoka anarudi nyumbani kwenye zamu ya pili, kuni, maji, ndizi za kumenya, daftari za watoto. Kijana aliyeajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu anaogopa kuugua kabisa, maana mkataba utaisha akiwa kitandani. Mzee wa miaka 56 aliyeamua kungoja 60 ya lazima anahesabu miezi, huku mfumo wa kompyuta ukibadilishwa kila anapouzoea. Mtu wa Kaagya anaweza kuwataja wote wanne bila kutoka nje ya kata yake, na wote wanne wakiulizwa hali watajibu kwamba ni nzuri.

Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini ni Marburg, kwa mara ya kwanza nchini. Kata zilizotajwa zilikuwa Maruku na Kanyangereko. Ndiyo, Kanyangereko. Safari hii sampuli zilionyesha kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kirusi kinachopita kwenye damu na matapishi na jasho, yaani kinachompata hasa yule anayemshika mgonjwa. Waliougua walikuwa tisa, waliokufa sita, na mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Watu waliofuatiliwa kwa sababu ya kukutana na wagonjwa walipita 200, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa afya. Fikiria wiki hizo tatu za mtu kusubiri: unapima joto la mwili wako asubuhi na jioni, mtoto wako hakukaribii, jirani anapita upande wa pili wa barabara, na kazini bado wanakuhitaji.

Kwenye zahanati na vituo vya afya vyetu waliokuwa mbele ni wauguzi, na wauguzi wengi ni wanawake, na wengi ni vijana waliotoka chuoni juzi. Ni walewale ambao shule kama Kashasha iliwaota: binti mwenye cheti, mshahara wenye jina lake, mwenye kuhitajiwa na taifa. Bibi yao angekuwa darasa la saba mwaka 1962.

Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 2 Juni 2023, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Namba zilikuwa nzuri, na waliozifanyia kazi walistahili sifa walizopewa. Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Walio kwenye zamu waliingia zamu.